Nyundo au mashine? Tuanze na vyuma

Ndugu wasikilizaji wa Nyakabere, na ninyi wahami mnaojenga upya, tangu mto Mulongwe ulipofurika Uvira mwezi wa Aprili 2020 tumeona nyumba nyingi zikisimamishwa tena. Lakini mara nyingi paa linashikwa na misumari tu. Upepo mkali ukija, mbao zinachomoka.

Dawa ni vyuma vya kufungia mbao, vile vyenye matundu. Fundi anayetaka mashine ya misumari inayotumia hewa, simpingi. Ila achague vizuri. Ile ya kawaida inaficha ncha ya msumari, kwa hiyo ni rahisi kukosa tundu na kugonga chuma. Msumari unaweza kuruka na kuumiza mtu. Inayofaa ni ile ambayo ncha inatokeza mbele: unaiingiza tunduni kwanza, ndipo unapiga.

Lakini mashine inataka kompresa, na kompresa inataka umeme au jenereta. Kwa nyumba moja ya familia, nyundo inatosha. Wenye kutusaidia, leteni kwanza vyuma na misumari minene. Mashine, mafundi waichangie na kuitumia pamoja.