Sigara Dukani Mlandege si Siri ya Mvutaji

Mlandege ni mtaa wa biashara mjini Zanzibar, maduka yamebanana na wateja hupita bega kwa bega. Anayewasha sigara mlangoni mwa fremu yake hutetewa kwa neno moja: anajidhuru mwenyewe. Ushahidi wa madaktari wa moyo unaipinga kauli hiyo. Mwaka 2001 watafiti wa Japani waliwaweka vijana wenye afya wasiovuta katika chumba chenye moshi wa sigara kwa dakika 30. Uwezo wa mishipa inayolisha moyo kuongeza mkondo wa damu ukashuka mpaka ukakaribiana na wa wavutaji. Moshi huudhoofisha utando wa ndani wa mishipa, ukaizuia kutanuka, na huzifanya chembe sahani za damu kunata na kuganda kwa wepesi. Kwa hiyo anayeishi au kufanya kazi penye moshi wa wenzake hatari yake ya maradhi ya moyo huongezeka kwa asilimia 25 hadi 30, ingawa hajapata kuitia sigara mdomoni.

Wengine husema moshi wa dukani ni mchache mno. Hesabu ya moyo lakini haifuati hesabu ya sigara. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa mwanamume anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada aliyonayo mvutaji wa 20. Kwa mwanamke ni kama theluthi. Na moshi wa makaa jikoni? Huo nao unadhuru, na unastahili sera yake, ila mishipa iliyokwisha kuumizwa na jiko haipati nafuu kwa kuongezewa sigara.

Hoja nzito zaidi ni ya biashara, kwamba katazo la kuvuta sigara ndani ya maduka na mikahawa litawafukuza wateja na watalii, tena faida yake ni ndogo. Kuhusu faida, takwimu zinatofautiana kweli: Uskoti, baada ya katazo la 2006, waliolazwa kwa mshituko wa moyo na maradhi ya jamii hiyo katika hospitali tisa walipungua kwa asilimia 17, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuwa kwa wasiovuta; Uingereza, kwenye idadi kubwa zaidi ya watu, upungufu ulikuwa asilimia 2.4. Hata huo mdogo ulikuwa wa takriban wagonjwa 1,200 kwa mwaka mmoja. Kuhusu biashara, Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2006, miaka mingi kabla ya Bara, na maduka hayakufungwa. Afya si jambo la Muungano. Baraza la Wawakilishi na Wizara ya Afya ya Zanzibar wana mamlaka ya kuhakikisha hakuna moshi ndani ya duka, daladala wala mkahawa. Mvutaji asifukuzwe mtaani: atoke nje, mbali na mlango, na akitaka kuacha apate msaada kituo cha afya, kwani baada ya mwaka mmoja bila sigara hatari yake ya ziada ya moyo hushuka karibu nusu.