Kabla ya kununua mizani ya elektroniki, nunueni mawe kwanza



Leo naomba tuzungumze habari ya mizani. Najua wengine mtasema, "Huyu naye kaishiwa mada!" Subirini kidogo. Ukitoka Somanga ukashuka hadi Kilwa Masoko, ukaendelea mpaka Mchinga na Lindi mjini, maisha ya watu wengi yanapita juu ya mizani. Msimu wa ufuta mizani, msimu wa korosho mizani, pweza wa Songosongo naye mizani. Mtu anahangaika na palizi, nyani na ngedere miezi mingapi, halafu mwisho wa yote jasho lake linageuzwa kuwa namba moja tu kwenye kioo. Namba hiyo ikiwa ya uongo, hakuna atakachoweza kurekebisha baada ya hapo.

Kila nikishuka kusini kuna swali naulizwa, maana watu wanaamini mwandishi wa habari anajua bei ya kila kitu kilichopo Kariakoo. "Mwanangu, sisi chama chetu kinataka mizani ya elektroniki. Ipi nzuri?" Wanataka niwatajie jina la kampuni. Mimi nasema jina la kampuni lije mwisho kabisa. Kabla ya mizani, chama kinunue mawe ya kuipimia hiyo mizani, na mawe hayo yakae mahali ambapo mkulima yeyote anaweza kuyadai. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nitaieleza.

Tuanze na hela. Mnakumbuka Novemba 2018, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa Sh 3,300 kwa kilo? Tuichukue bei hiyo kama mfano wa hesabu. Mizani ikikosea kwa asilimia moja tu, mkulima amepoteza Sh 33 katika kila kilo. Sasa jiulize, kwenye mnada mnunuzi akishusha bei kwa shilingi thelathini si watu wanapiga kelele? Wengine wanagoma kuuza kabisa! Lakini shilingi hizo hizo zikiondoka kupitia mizani, hakuna anayenyanyua mkono. Bei inatangazwa mbele ya kila mtu, ila kosa la mizani halitangazwi na mtu.

Na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho msimu wa 2007/08, kufuatia sheria ya 2005, na baadaye kuingia kwenye ufuta, ile kilo inayoandikwa AMCOS ndiyo mwanzo wa karatasi zote. Stakabadhi, mnada, makato, malipo ya benki, vyote vinaanzia hapo.

Watu wa pwani hii si wageni wa vipimo. Wazee wetu walikuwa na kibaba na pishi, ratili na frasila. Kilwa Kisiwani ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala, na dhahabu hiyo ilipimwa kwa mithkali. Vasco da Gama alipofika na mizinga yake mwaka 1502, ushuru aliomlazimisha mtawala wa Kilwa autoe ulihesabiwa kwa mithkali. Ukiwa na dhahabu halafu mizani inashikwa na mwenye mizinga, unajua mwenyewe matokeo. Tangu enzi hizo swali ni lile lile: mizani ni ya nani, na nani anaikagua?

Haya, sasa mizani ya elektroniki. Ndani yake hakuna uchawi. Kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana mzigo unapowekwa, na juu yake pamebandikwa nyaya nyembamba. Chuma kikipinda, umeme unaopita kwenye nyaya unabadilika kidogo, na kompyuta ndogo inaugeuza badiliko hilo kuwa kilo. Kwa hiyo mashine haijui kilo. Inajua kupinda tu! Kilo imefundishwa na mtu aliyeweka mawe juu yake na kuiambia, "hii ndiyo kilo ishirini". Akiifundisha uongo, itasema uongo huo kila siku kwa namba safi zinazowaka.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nami naomba mlishike. Nguvu ya dunia ya kuvuta vitu chini hailingani kila mahali. Kaskazini kama London ni kubwa kidogo, na huku kwetu karibu na ikweta ni ndogo kidogo. Tofauti ya London na Lindi ni kama asilimia 0.3. Maana yake, mizani ya elektroniki iliyosetiwa London, ikaletwa Lindi kama mtumba na kuwashwa hivyo hivyo bila kusetiwa upya, ukiweka kilo 100 itasoma kama kilo 99.7. Gramu 300 zimepotea na hakuna aliyeiba! Kwa lori la tani 10 ni kilo 30, na kwa ile bei ya 2018 ni Sh 99,000. Mizani ya zamani ya mawe haina tatizo hili, kwa sababu jiwe na mzigo vinavutwa kwa nguvu moja. Ile ya saa ya kuning'iniza inalo, maana nayo inategemea springi.

Linganisheni na kanuni za kimataifa za mizani za biashara, zile za daraja la tatu. Mizani inayosoma kwa hatua za gramu 100, ikipima kilo 100, inaruhusiwa kukosea gramu 100 inapohakikiwa mara ya kwanza na gramu 200 ikiwa kazini. Gramu 300 hazimo. Mizani mpya na ya kung'aa inaweza kuwa nje ya kanuni siku ya kwanza kabisa, kwa sababu tu haikufundishwa kilo ya hapa.

Wenye akili ya jambo hili ni watu ambao wengine mtashangaa nikiwataja. Marekani kuna wawindaji na walenga shabaha wanaojaza risasi zao wenyewe. Huku kwetu neno baruti linatukumbusha magobole na ule uvuvi haramu unaoua matumbawe yetu, lakini wale wenzetu wanapima baruti kwa kipimo kiitwacho greini. Greini 7,000 ndizo zinafanya ratili moja, yaani greini moja ni kama gramu 0.065. Mizani zao zinasoma mpaka sehemu ya kumi ya greini. Ukizidisha baruti, bunduki inaweza kupasuka mikononi mwako. Kwa hiyo hawaiamini mizani ya elektroniki kwa sura. Wanaiwasha mapema ipate joto, wanaiweka mahali tambarare pasipo upepo wa feni, kisha wanaweka juu yake kijiwe ambacho uzito wake unajulikana. Kisipotoa namba yake, kazi haianzi. Wengi wao wanabaki na mizani ya zamani ya mkono pembeni kwa ajili ya kuihakiki ile mpya.

Mtu anayejua kwamba kosa la mizani litampasukia yeye mwenyewe, anakagua. Tatizo letu ni kwamba kosa la mizani ya ufuta halimpasukii anayepima. Linampasukia aliyesimama upande wa pili na gunia lake. Ndiyo maana nasema mawe yawe mikononi mwa wakulima.

Sasa kwa wale wanaokwenda kununua kweli, angalieni haya.

Kwanza, mnapima nini? Mizani ina uzito wa juu kabisa na ina hatua zake za kusoma. Yenye uwezo wa kilo 300 na hatua za gramu 100 inafaa gunia la korosho, lakini si ya kumpimia mama pweza wake mmoja. Kwa daraja la tatu, mzigo mdogo unaofaa kupimwa ni hatua ishirini, yaani hapo ni kilo mbili. Pweza wa kilo moja na nusu yuko nje ya uwezo wake. Kwa pweza tafuteni ya kilo 30 yenye hatua za gramu 10. Wanaosema "tununue kubwa moja itatosha yote" wanamuumiza mwenye mzigo mdogo, ambaye mara nyingi ni mwanamke anayevua kwa mguu wakati maji yametoka.

Pili, kioo cha namba. Kuna mizani ambayo namba anaziona karani peke yake. Hiyo msinunue! Mwenye gunia asome mwenyewe, tena kwenye jua la saa saba mchana.

Tatu, chumvi na umeme. Hewa ya bahari inakula chuma. Sahani iwe ya chuma kisichoshika kutu, na sehemu za umeme zizibwe vizuri. Betri iwe ya kudumu siku nzima, na mashine iwe inaonya betri ikipungua badala ya kuendelea kubahatisha.

Nne, miguu ya kurekebisha na pima maji yake, kama ile ya mafundi waashi. Mizani iliyoinama haisomi sawa. Na ufuta unavunwa wakati wa kusi, kwa hiyo wekeni mahali penye kinga ya upepo.

Tano, sifuri. Kabla gunia halijapanda, kioo kisome sifuri. Na kama kuna kinachokatwa kwa ajili ya gunia, kikatwe uzito wa gunia lenyewe. Gunia la juti ni karibu kilo moja, kiroba cha plastiki ni gramu mia na kidogo. Ukimkata mwenye kiroba kilo nzima, umemwibia kwa mizani iliyo sahihi kabisa!

Kisha mawe. Mawe matano ya kilo 20, yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Asubuhi kabla ya kazi, mbele ya watu, wekeni moja katikati, kisha lihamisheni kwenye kila kona nne. Namba zilingane. Halafu pandisheni yote matano, isome 100. Zoezi hili halimalizi dakika kumi. Chama ambacho hakijapata fedha za mawe kitafute kipande cha chuma kizito, kikapimwe kwenye mizani iliyohakikiwa na kiandikwe uzito kwa rangi. Hakitakuwa kipimo cha biashara, lakini kitakuwa shahidi. Msitumie mfuko wa mchanga wala gogo, vinanyonya maji.

Najua kuna watakaoniambia, "Serikali ina Wakala wa Vipimo tangu 2002, stika ipo, lakiri ipo, sisi tunahangaika nini?" Ni kweli, na mizani isiyo na stika ya mwaka husika msiikubali hata kidogo. Lakini uhakiki ni mara moja kwa mwaka. Mizani ikianguka kutoka kwenye pikipiki kesho yake, stika haitabanduka yenyewe.

Wengine wanasema bora turudi kwenye mizani za zamani. Hapana. Zile nazo zilichezewa, na karani alikuwa anaandika anachotaka kwenye daftari. Mashine inayotoa risiti papo hapo imefunga mlango mmoja wa wizi. Na hakuna anayetaka kurudi kwenye kangomba, korosho kupimwa kwa kopo uani mwa mtu, wala kwenye lumbesa.

Na haki itendeke pande zote. Si kila upungufu ni wizi. Korosho zenye unyevu wa asilimia 12 zikikauka mpaka asilimia 8, kilo 100 zinabaki kama 95.7. Hiyo ni hesabu, si mkono wa mtu. Lakini mtajuaje kilichopotea ni maji au ni ujanja, kama hamna uhakika na mizani ya kijijini? Bila mawe, kila upungufu unakuwa ugomvi, na viongozi waaminifu wanatukanwa pamoja na wezi. Nimesikia mikutano ya vyama ikiharibika kwa jambo hili hili, watu wanatuhumiana hadi ukoo, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Leteni jiwe tuone."

Ushirika unaishi kwa kuaminiana, na kuaminiana kwenyewe kunahitaji kitu cha kushika mkononi. Kwa hiyo wanachama, mkutano mkuu ujao mkiletewa hoja ya kununua mizani, msiipinge. Ulizeni tu: mawe yako wapi, yatakaa kwa nani, na mkulima akiyadai saa tisa alasiri foleni ikiwa ndefu, atapewa?

Wajameni, nawasilisha.