Historia ya Uvira haiko Uvira

Wandugu vijana, kila siku mu simu zetu watu wanatukanana: kabila gani ilitangulia kufika hapa kando ya Tanganyika, mulima gani ni wa nani. Odio zinapita, kisha mawe yanafuata. Hakuna hata mumoja anaonyesha kitabu.

Na vitabu viko. Georges Weis aliandika juu ya inchi ya Uvira, kikatoka Bruxelles mwaka 1959. Jacques Depelchin aliandika tezi juu ya zone ya Uvira, tangu 1800 hivi mpaka 1965, akaitoa Stanford, Marekani, mwaka 1974. Majina yao utayakuta mu katalogi za ng'ambo kwa dakika moja. Lakini kitabu chenyewe, weye wa Mulongwe, utakishika wapi? Kimoja ni Kifaransa, kingine Kiingereza. Kwa Kiswahili, hakuna.

Tena kuna memwari zetu siye wenye kumaliza chuo. Tulienda kuuliza wazee mu vijiji, tukaandika. Leo ziko mu makartoni, bila orodha. Aprili 2020 muto Mulongwe ulibeba nyumba na watu. Karatasi nayo haijui kuogelea.

Tunaomba vyuo vyote vya muji vifungue makartoni. Orodha tutaiandika siye wenyewe, bure, muda tunao. Meri iombe kopi za vitabu hivyo na itoe chumba kimoja cha kusomea. Na mwenye kaye ya babu nyumbani aipige picha, ukurasa kwa ukurasa, mbele mvua irudi.