Kizibao cha Kimia Kianze kwa Hesabu

Ni rai yangu kwamba wanaofundisha kufuma kwa mkono, hasa katika nyanda za baridi kama Njombe na Limuru, hawana budi kuwafundisha wanafunzi kubuni vazi badala ya kunakili tu, na kwamba hapana vazi lifaalo zaidi kwa somo hilo kuliko kizibao chenye ukanda wa kimia kifuani. Kwani hakina mikono ya kumtatiza mwanafunzi, nao ukanda ule humlazimisha kutafakari.

Siri ya kimia ni mizani: kila uzi unapozungushwa juu ya sindano ili kufanya tundu, kitanzi kimoja huongezeka, na kwa hiyo vitanzi viwili sharti vifumwe pamoja ili idadi irudi ilipokuwa, la sivyo ukanda hupanuka na vazi zima huenda upogo. Aidha, kimia hutanuka kikioshwa na kutandazwa kwa pini. Ndiyo maana kipande cha majaribio yafaa kioshwe na kukaushwa kabla ya kuhesabiwa. Vitanzi vikiwa 20 kwa kila sentimita 10, mgongo wenye upana wa sentimita 50 wataka vitanzi 100, na kimia kihesabiwe peke yake.

Mafundi wa Shetland, huko Uskoti, waliosifika tangu karne ya 19 kwa shali laini ziwezazo kupenya katika pete ya arusi, hawakuipata sifa hiyo kwa kubahatisha.

Basi, enyi walimu, mpeni mwanafunzi utepe wa kupimia na daftari kabla ya kumpa mchoro wa mtu mwingine.