Aibu ya Matera haikuwa mapango

Mgeni anayeshuka ngazi za Sassi, mtaa wa kale wa Matera kusini mwa Italia, anaweza kutembea kitambo kizima kabla hajatambua kwamba anakanyaga mapaa ya watu. Kichochoro anachopita ndicho dari ya nyumba iliyo chini yake. Mlango anaoupita una ukuta wa mawe kwa mbele tu. Vyumba vyenyewe vimezama ndani ya jabali. Nyumba hizi zimepangana ngazi kwa ngazi kwenye ukingo wa korongo la mto Gravina, katika mkoa wa Basilicata. Upande mmoja ni Sasso Barisano, wa pili Sasso Caveoso, na kati yake kimesimama kilima cha Civita chenye kanisa kuu. Ng'ambo ya korongo yanaonekana mapango mengine, matupu. Binadamu wamekaa katika miamba hii tangu Zama za Mawe.

Hadithi ya Matera husimuliwa kwa mkato. Watu waliishi mapangoni kwa dhiki, serikali ikawaokoa, kisha dunia ikagundua kwamba mapango ni mazuri. Mwaka 1993 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2019 Matera ukawa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. Hayo yote yalitokea. Hata hivyo, usimulizi huo unalibebesha jiwe lawama isiyo yake, na anayeondoka Matera akiuamini hakuuona mji.

Jiwe lenyewe ni la chokaa, laini, linakatika kwa sururu. Wenyeji walichimba ndani, na mawe waliyotoa wakajengea uso wa nyumba na chumba cha mbele. Sakafu na midomo ya mapango mengi ilielekezwa kwa hesabu ya jua: wakati wa baridi, jua likiwa chini, miale hupenya hadi ndani kabisa, na wakati wa kiangazi, likiwa juu, huishia mlangoni. Ndani, joto halibadiliki sana mwaka mzima.

Maji ndiyo yaliyowatesa zaidi, na ndiyo yaliyowafanya werevu. Mto uko chini kabisa ya korongo, mvua ni haba, kwa hiyo kila tone lilivunwa. Mapaa na vichochoro vilikuwa na mifereji iliyopeleka maji kwenye mabirika yaliyochimbwa mwambani na kupakwa lipu isiyovuja. Birika kubwa kuliko yote, Palombaro Lungo, liko chini ya uwanja wa Vittorio Veneto. Lina kina cha zaidi ya mita 15 na uwezo wa kubeba takriban lita milioni 5. Lilisahaulika hadi lilipogunduliwa upya mwaka 1991. Mgeni hupita juu yake kwenye njia ya chuma, akitazama kuta ndefu ambazo mtu angedhani ni za kanisa.

Familia kadhaa zilizunguka ua mmoja, zikitumia kisima kimoja. Mikate ilichomwa katika tanuri za pamoja, na kila nyumba ilikuwa na muhuri wake wa mbao wa kugonga kwenye unga uliokandwa, ili mkate wa huyu usichukuliwe na yule. Mihuri hiyo leo huuzwa kwa wageni kama pambo. Wanaoinunua wajue kwamba ilikuwa chombo cha kazi cha akina mama waliobeba unga alfajiri.

Basi mambo yaliharibika wapi? Matera haukuwa mji wa kando siku zote. Kuanzia mwaka 1663 ulikuwa makao makuu ya Basilicata, hadhi iliyohamishiwa Potenza mwaka 1806. Watu wakazidi, kipato kikapungua, ardhi ikabaki mikononi mwa wachache. Mazizi, maghala na hata mabirika yakageuzwa kuwa nyumba za kuishi. Birika likishakuwa chumba cha kulala, mfumo wote wa maji uliolitegemea unakatika, na chumba hicho hakina dirisha wala hewa ya kutosha kwa sababu hakikuchimbwa kwa ajili ya binadamu. Familia za watu wengi zililala chumba kimoja na punda wao nyuma, kuku chini ya kitanda kirefu, na mtoto mchanga ndani ya droo ya kabati.

Taifa liliyasikia hayo kupitia kitabu. Carlo Levi, daktari na mchoraji kutoka Turin, alipelekwa uhamishoni katika mkoa huu na serikali ya Mussolini mwaka 1935. Katika kitabu chake cha mwaka 1945, *Cristo si è fermato a Eboli*, amesimulia jinsi dada yake, naye daktari, alivyopita Matera na kuona watoto wenye trakoma na malaria wakimfuata njiani wakiomba kwinini. Mwaka 1948 Palmiro Togliatti, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti, alifika na kuiita hali ile fedheha kwa taifa. Mwaka 1950 Waziri Mkuu Alcide De Gasperi akaja kujionea, na mwaka 1952 Bunge likapitisha sheria ya kuwahamisha wakazi. Watu wapatao 15,000, karibu nusu ya mji, waliondolewa kwa awamu hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Milango ikazibwa kwa matofali.

Pasiwe na mtu wa kuipamba dhiki ile. Watoto walikufa wengi mno, na mama aliyepewa bomba la maji na choo ndani ya nyumba hakuwa na sababu ya kulilia pango. Baadhi ya waliopanga makazi mapya walifanya kazi yao kwa moyo. Kijiji cha La Martella, kilichochorwa na kundi la msanifu Ludovico Quaroni na kuanza kukaliwa mwaka 1953, kilijaribu kuwapa wakulima nyumba zenye banda la mifugo lililotengwa na vyumba vya watu, huku kikihifadhi ujirani waliouzoea.

Swali gumu ni jingine: kwa nini dawa iwe kuwaondoa watu wote? Si kila nyumba ilikuwa shimo la maradhi. Zilikuwamo nyumba za ghorofa zilizojengwa vizuri, na mapango yaliyohitaji mabomba, mifereji ya majitaka, dirisha na kupunguziwa msongamano. Umaskini ulikuwa na sababu zake, ambazo ni ardhi, ujira na malaria. Kuziba milango hakukuondoa hata moja kati ya hizo. Kulichofanya ni kuzitoa machoni.

Ushahidi umetolewa na historia yenyewe. Vijana wa mji waliounda klabu ya La Scaletta mwaka 1959 walianza kuingia korongoni na kuorodhesha makanisa yaliyochongwa mwambani, yenye michoro ya watakatifu ukutani, wakati wakubwa wao bado wanaona haya kuyataja mapango. Mwongozaji wa filamu Pasolini alipotengeneza filamu yake ya Injili ya Mathayo, iliyotoka mwaka 1964, alitumia Sassi kama Yerusalemu. Mwaka 1986 ikaja sheria mpya ya kurudisha uhai mtaani kwa fedha za umma. Msanifu Pietro Laureano akaandaa hoja zilizoufikisha Matera UNESCO. Yakaingia maji, umeme na mifereji ya majitaka. Jiwe ni lile lile, na leo watalii hulipa fedha nyingi kulala ndani yake. Kama bomba la maji liliweza kufika kwa ajili ya hoteli, lingeweza kufika kwa ajili ya familia iliyokuwa na muhuri wa mkate.

Hapo ndipo wasomaji wa pwani yetu wanapohusika. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha hiyo hiyo ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Huko nako kuna nyumba za mawe zinazovuja, familia nyingi chini ya paa moja, na wawekezaji wanaoona hoteli pale jirani anapoona nyumba ya bibi yake. Sehemu ya jengo la Beit el-Ajaib, huko Zanzibar, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na tangu siku hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba mawe ya kale yanaweza kusubiri. Lakini matengenezo yanayoanza kwa kumhamisha mkazi ni kurudia kosa la mwaka 1952 kwa sura nzuri zaidi. Mamlaka zianze na mabomba, mapaa na mikopo nafuu kwa wanaoishi humo.

Anayepanga kwenda Matera ajue kwamba reli ya taifa haifiki. Kuna treni ndogo kutoka Bari. Akifika, asianze na mikahawa ya uwanjani. Aanze Vico Solitario, ambako pango moja limehifadhiwa na vyombo vyake kama lilivyokuwa kabla ya watu kuhamishwa, kisha ashuke korongoni, avuke daraja la kamba hadi ng'ambo na kuutazama mtaa wote kwa pamoja. Siku ya pili atenge saa chache aende La Martella. Kipo kilomita chache tu kutoka mjini, wageni wengi hawakifikii, na ndiko zilikopelekwa baadhi ya familia zilizokuwa na nyumba ndani ya jabali.