Kichanja cha Mbao

Wako watu wasemao kwamba vyombo vya intaneti havistahili kukaa juu ya mbao. Kwao, ruta, swichi na seva ndogo ya nyumbani ni wageni wa heshima wasiofaa kupokelewa ila kwa kabati la chuma. Na asiye na fedha ya kabati hilo na angoje. Nakuomba, msomaji, usilikubali neno hili kabla ya kulipima. Mimi nimelipima nikaliona jepesi.

Katika shule moja niliyopata kufundisha, karibu na Ziwa Viktoria, vyombo hivyo viliwekwa sakafuni vingoje kabati. Kabati halikuja, ilikuja mvua ya masika. Maji yalipita chini ya mlango usiku, na asubuhi swichi na seva zilikuwa zimekufa. Wanafunzi walimaliza mwaka wakisoma habari za intaneti kitabuni, kama mwenye kiu asomaye habari za maji. Nyuma ya chumba hicho palikuwa na rundo la mbao, na miongoni mwa wanafunzi walikuwapo vijana waliojua kushika randa na msumeno. Mbao hazikukosekana wala mikono. Kilichokosekana ni imani kwamba mikono ile ilifaa.

Hebu tujiulize vyombo hivi vinataka nini. Vinataka kuinuliwa mbali na maji, kupitiwa na hewa, kushikwa visianguke, na kupangwa hata kila waya uonekane utokako na uendako. Mama zetu walilijua jambo hili zamani: walijenga kichanja uani, wakaanika vyombo juu yake, upepo ukapita chini na juu. Kichanja cha seva ni ndugu wa kichanja hicho. Tofauti yao ni kipimo. Mafundi wa dunia wamekubaliana kwamba uso wa chombo cha namna hii uwe na upana wa inchi 19, yaani milimita 482.6, na kila daraja moja la kimo liwe inchi 1.75. Nguzo mbili za mbele na ziachane kwa milimita 450. Chombo kidogo kisichofikia upana huo na kitengenezewe rafu. Kipimo hakiulizi kama nguzo ni ya chuma au ya mvule.

Watasema kwamba mbao huwaka moto. Ni kweli, lakini haziwaki kwa joto la ruta. Ubao mkavu huhitaji joto lipatalo digrii 250 au zaidi ili ushike moto, na chombo huharibika zamani kabla ya kufika huko. Adui ni waya uliochubuka na soketi iliyolemewa, na adui huyo ni wa kuogopwa penye chuma na penye mbao pia.

Watasema kwamba hewa ya Kisumu ina unyevu, na mbao zitapinda. Zitapinda zikiwa mbichi. Nenda Dunga utazame mashua za wavuvi: zimeundwa kwa mbao, nazo hushinda majini. Ikiwa mtu huukabidhi ubao uhai wake katikati ya ziwa, kwa nini aogope kuukabidhi swichi ya kilo mbili?

Tena mbao zina fadhila isiyo katika chuma. Mawimbi ya ruta hupenya ubao kwa wepesi, lakini kabati la chuma huyazuia. Amfungiaye ruta yake ndani ya chuma amenunua msemaji kisha akamziba kinywa.

Sisemi kwamba chuma hakina haki yake. Seva kubwa na nzito, zilizopangwa kwa makumi, zataka chuma. Pia mbao hazipitishi umeme, basi kila chombo kinachohitaji waya wa ardhi hakina budi kupewa wake. Wala usikizibe kichanja pande zote kama sanduku, maana joto litakosa njia. Mbele kiwekee wavu mwembamba, kwa sababu vijidudu vya ziwani, vinavyoinuka kama wingu la moshi, hupenda taa na hupenya kila tundu. Haya ni masharti ya kazi, si sababu za kuiacha.

Kisumu haina upungufu wa maseremala. Soko la Kibuye ni shahidi. Fedha ya kabati la kigeni huvuka bahari, na fedha ya ubao hulala mjini. Usiache mbachao kwa msala upitao. Wewe uliye kijana, ukiviona vyombo vya shule yako vimelala sakafuni vikingoja kabati, usingoje pamoja navyo. Omba ruhusa, tafuta mbao kavu, upime inchi 19, ukate. Masika hayangoji.