Una mshahara na unauza asali Tabora? Risiti zako zinaweza kuokoa zaidi ya Sh1 milioni

Mwalimu wa Tabora kuwa na mishe ya asali si jambo la kushangaza. Jumamosi anafuata ndoo Sikonge, Jumapili anajaza chupa nyumbani, Jumatatu mzigo unapanda basi la Dar huku yeye yuko darasani. Oda zinaingia WhatsApp, hela inaingia kwenye simu.

Swali la kodi huja baadaye, na wengi hulijibu haraka: "Mimi mfanyabiashara mdogo, nitalipa makadirio." Kwa mwenye mshahara, jibu hilo lina tatizo.

Makadirio si ya kila mtu

Kodi ya makadirio inaangalia mauzo ya mwaka, si faida. Tangu 2019 ukomo wake umekuwa mauzo ya Sh100 milioni, na mauzo yasiyozidi Sh4 milioni hayatozwi. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019, ambavyo mabadiliko ya 2022 hayakuvigusa kwa ngazi za chini, mwenye mauzo kati ya Sh7 milioni na Sh11 milioni analipa Sh250,000 kama hatunzi kumbukumbu. Akizitunza, analipa Sh90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi Sh7 milioni.

Lakini soma sharti lake. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, inampa nafasi hiyo mtu ambaye mapato yake yote ya mwaka yanatokana na biashara iliyo ndani ya nchi. Yote. Mshahara si mapato ya biashara. Kwa hiyo mwalimu, nesi au karani anayelipwa kila mwezi yuko nje ya kapu hilo, hata kama anauza chupa kumi tu.

Faida yake ya asali inajumlishwa na mshahara, kisha inapigwa hesabu kwa ngazi za kawaida za kodi ya mtu binafsi. Makato ya PAYE anayofanya mwajiri yanamaliza kodi ya mshahara tu. Ya biashara unaitangaza mwenyewe kwenye ritani.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano. Mshahara unaotozwa kodi, baada ya makato ya pensheni, ni Sh800,000 kwa mwezi, yaani Sh9.6 milioni kwa mwaka. Mauzo ya asali ni Sh9 milioni. Gharama zote ni Sh7 milioni: asali yenyewe, chupa, lebo, nauli, kusafirisha mzigo, bando. Faida ni Sh2 milioni.

Kwa ngazi zinazotumika tangu Julai 2021, kipande cha mapato kati ya Sh9.12 milioni na Sh12 milioni kwa mwaka kinatozwa asilimia 25. Kinachozidi Sh12 milioni ni asilimia 30.

• Ukithibitisha gharama zote: kodi ya asali ni Sh500,000.
• Ukithibitisha Sh3 milioni tu: faida kwenye karatasi inakuwa Sh6 milioni, na kodi ni Sh1,680,000.

Tofauti ni Sh1,180,000. Biashara ni ile ile na mfukoni imebaki faida ile ile ya Sh2 milioni. Kilichobadilika ni karatasi.

Jirani yako asiye na mshahara, mwenye mauzo na gharama kama zako, angelipa makadirio ya Sh150,000 akitunza kumbukumbu. Sheria inamruhusu pia kujitoa kwenye makadirio. Akifanya hivyo na hesabu zake zikakubalika, faida ya Sh2 milioni iko chini ya Sh3.24 milioni za mwaka zisizotozwa kodi, hivyo halipi kodi ya mapato. Atapima tu kama gharama ya kuandaa hesabu hizo inalipa.

Nini kinapunguzwa?

Kipimo cha sheria ni kimoja: gharama iwe imetumika yote, na kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo tu. Chupa zinaingia. Nauli ya kufuata mzigo inaingia. Umeme wa nyumbani na bando unalotumia pia kuangalia mpira, unatoa sehemu ya biashara tu. Ada ya mtoto haiingii. Faini haiingii, na rushwa pia haiingii.

Kitu cha kudumu hakipunguzwi chote kwa mwaka mmoja. Kompyuta ya kazi, kwa mfano, inapunguzwa kama uchakavu, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka.

Tatizo liko porini

Hapa ndipo kauli ya "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" inapokwama. Muuza chupa mjini ana mashine ya EFD. Mrina asali wa kijijini hana, na gharama kubwa kuliko zote iko kwake. Mfumo unaotaka karatasi unamwacha mnunuzi abebe kasoro ya soko zima.

Barabara hii inajua kodi ya namna hiyo. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ililipa hongo kwa watemi, kwa vitambaa, shanga na waya. Ililipwa njiani, kabla mwenye mzigo hajajua kama atapata faida au hasara. Kodi ya faida ilipaswa kuwa ya haki zaidi kuliko hiyo. Lakini usipoweza kuthibitisha gharama, unarudi kule kule: unatozwa kwa mzigo.

Fanya haya kuanzia leo

• Tenga laini ya simu ya biashara, usichanganye na ya mshahara.
• Mlipe mrina kwa simu inapowezekana, ili muamala ubaki.
• Kila ununuzi uandike: tarehe, jina, namba ya simu, lita, bei, sahihi.
• Dai risiti ya EFD kwa chupa, lebo na usafiri.
• Tunza kila kitu kwa miaka mitano. Risiti za EFD hufifia, zipige picha.
• Viwango hubadilika na Sheria ya Fedha kila mwaka. Hakiki vya mwaka wako TRA kabla ya kulipa.

Serikali nayo ina kazi yake: fomu moja rahisi ya manunuzi kutoka kwa mzalishaji asiye na EFD, inayotambulika na kila afisa wa kodi, ingemsaidia mwalimu huyu kuliko semina kumi za elimu ya mlipakodi. Mpaka hapo, daftari la Sikonge ndilo ngao yake.